Mkwe Aliyezijua Fizi za Wilaya Nzima

Mwaka jana, siku tuliyomzika mkwe wangu, mwendesha ratiba alizunguka na kipaza sauti akitafuta watu wa kumwelezea marehemu. Alisema mchungaji. Walisema wafanyakazi wenzake. Walisema watu aliowang'oa meno, na kila mmoja alifungua mdomo kuonyesha pengo lake, wengine wakijipanga mstari bila kuambiwa. Kipaza sauti kilipofika upande wa jikoni, nilikokuwa nageuza wali wa msiba, mwendesha ratiba aliniangalia, akakumbuka mimi ni nani, akageuka. Mkamwana atasema nini juu ya baba mkwe wake? Hajawahi hata kukaa naye. Haya bwana. Leo ngoja niseme mimi nisiyemjua.

Jina lake sitalitaja, na msinilazimishe. Kwetu Unyakyusani mkamwana halitaji jina la baba mkwe wake, hamtazami, hapiti mbele yake, hakai naye chumba kimoja. Tunaita ukutila, yaani kuogopa kwa heshima. Siku hizi wengi wameacha. Wapo wanaokula meza moja na wakwe zao, wanapiga na picha, na hakuna aliyekufa. Lakini mkwe wangu, msomi wa kwanza wa ukoo wao, mtu wa stashahada iliyotundikwa sebuleni juu ya saa, yeye hakuacha hata nukta. Nimeishi kwake Ikolo miaka kumi na minne, ua mmoja, bomba moja la maji, na mtu akiniuliza pua yake ilikuwaje namwambia akamuulize mchungaji.

Ninachokijua ni mgongo wake. Najua pia viatu vyake, na koti lake jeupe likiwa kwenye kamba. Na kikohozi! Akifika kwenye mikakao ya mwisho kabla ya ua, alikohoa mara mbili, nami nilitakiwa niwe nimeshapotea. Nimekimbia mimi na mimba ya miezi minane, beseni la mchele mkononi, nikajibanza nyuma ya choo kama mwizi wa kuku. Yeye alipita taratibu, ameinamisha kichwa, anajiona mtu wa heshima sana. Na kweli alikuwa mtu wa heshima. Aliyechubuka magoti ni mimi.

Sauti yake ndiyo niliyoijua kuliko vyote. Ukuta wa jikoni kwetu ni wa matofali mabichi, unapitisha kila neno la sebuleni. Kwa hiyo masomo yote ya meno yaliyotolewa katika nyumba ile nimeyahudhuria, tena bila kukosa hata siku moja, nikiwa nimekaa kwenye kigoda namenya ndizi.

Alikuwa tabibu wa meno kwenye kituo cha afya, lakini ugomvi wake hasa ulikuwa na fizi. "Mnalilia jino," alikuwa akiwaambia wageni kabla hata hawajamaliza chai, "msiba mnaupeleka nyumba isiyo yake. Aliyekufa ni ufizi!" Mtu amekuja kuomba mbegu za mpunga, anaondoka ameambiwa mdomo wake unanuka kwa sababu ya ugaga uliogandia kwenye shina la meno, na kwamba ugaga huo ukishakuwa mgumu hautoki kwa mswaki, unatoka kwa chuma cha tabibu. Mbegu hakupewa. Alisahauliwa.

Alikuwa na vita ya miaka na mwenye duka mmoja wa mjini, mzee wa Kiislamu ambaye asili yao ni pwani, aliyekuwa akiuza miswaki migumu tu. Mkwe alisimama kwenye kaunta, akainua mswaki mmoja juu ili wateja wote wauone.

"Mzee, hii ni ya kusugulia sufuria au mdomo?"

"Daktari, wateja wenyewe wanataka ngumu. Wanasema laini haifanyi kazi."

"Na wewe unawauzia wakwangue fizi zao!"

"Mimi nauza duka. Sikuwazaa."

Basi mkwe akaamua kila Jumamosi asubuhi kusimama pale dukani, mikono nyuma, na kila aliyeomba mswaki alipata mhadhara: mswaki laini, uulaze kidogo uelekee kwenye ufizi, uzungushe polepole, asubuhi na kabla ya kulala, na ukichakaa utupe. Wateja walianza kuzunguka kupita barabara ya nyuma. Mwisho mwenye duka akamfuata mwenyewe kituoni. "Nimekuletea laini katoni mbili, alhamdulillahi. Sasa niachie duka langu, wewe nenda ukatibu watu." Mkwe alisimulia hadithi ile sebuleni kama mtu aliyerudi vitani na nyara.

Kanisani ndiko alikokuwa balaa. Alikaa benchi lililotazamana na kwaya, nami nilikaa nyuma ya nguzo, mahali ambapo hata nikichungulia nisingemwona. Watu walidhani anafuatilia nyimbo. Weee! Ibada ikiisha alisimama mlangoni akiwapa mkono. "Mugonile, mama. Sauti ya kwanza mmeimba vizuri. Wewe wa pili kutoka kushoto, fizi zako zimevimba, njoo Jumatano." Mbele ya mume wake! Baada ya miezi michache akina mama wakaanza kuimba midomo ikiwa imefumbwa nusu, na mchungaji akauliza mbona wimbo wa kumsifu Bwana umekuwa kama watu wanaoguna.

Nisimseme kwa mabaya tu. Kuna mama mmoja mfinyanzi wa Ikombe, kule ambako hufiki ila kwa mtumbwi, alikuja na jino lake la mbele amelifunga kwenye kitambaa, na chungu kipya kichwani kama zawadi. Alitaka arudishiwe jino. Alitoka kituoni amenuna, akaja nyumbani kumshtaki mkwe kwa mama mkwe, nami nikasikia yote kupitia ukuta.

"Nimemwambia anibandikie, ananiuliza chungu kikipasuka nafanyaje. Nikamwambia nafinyanga kingine. Akaniuliza, udongo unao? Nikamwambia upo tele. Ananiambia, mama, ufizi wako udongo wake umekwisha, na mimi siwezi kuufinyanga."

Alilia yule mama. Lakini mkwe alikuwa amemsafisha yaliyobaki, meno yote, kwa muda mrefu, na akamfundisha mpaka akaridhika. Jioni ile alishindwa kula. Nilirudishiwa sahani kama nilivyoipakua. Yule mama alimletea chungu kila mwaka baada ya hapo, na samaki tunapikia humo mpaka leo.

Sasa tuje kwenye mambo ambayo mchungaji hakuyasema. Mtu huyu aliyewakataza watu wa Kyela nzima sigara, kwa kuwa zinaua fizi kimyakimya, alivuta sigara moja kila jioni nyuma ya mikeka ya kuanikia kakao. Moja tu. Baadaye alitafuna majani ya mpera ili mkewe asijue. Mkewe alijua, mimi nilijua, mbuzi walijua. Chai yake ilikuwa ya vijiko vinne vya sukari. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini huyu alikuwa anawanyoa wenzake kwa matusi!

Na kama unataka kucheka, mtazame mke wake. Mama mkwe wangu, mke wa tabibu wa meno, alikuwa na meno saba mdomoni. Aliogopa damu. Hakuweza kuchinja kuku wala kumtazama anayechinja. Mtu akijikata na jembe, yeye ndiye aliyelazwa chini akapepewa. Maisha yake yote alikataa kuketi kwenye kiti cha mumewe. "Mikono hiyo imetoa damu wilaya nzima," alisema, "kwangu haiingii." Na yule simba wa sebuleni, anayewafokea wazee wa kanisa, hakumfokea hata mara moja. Nimemwona kwa tundu la mlango, yaani nimeuona mgongo wake, amekaa kwenye mkeka anamponda-pondea mkewe ndizi kwa uma, taratibu, anampulizia zipoe. Siku ile nilimpenda mkwe wangu. Nasema kweli.

Ukuta wa jikoni ulikuwa wa kusikiliza tu. Mimi nikiwa na neno, nilimwambia mama mkwe, naye akampelekea. Yeye akiwa na neno, alimwambia mama mkwe, akaniletea. Mama asipokuwepo, mkwe alizungumza na kuku. Alisimama uani akawatangazia: "Nyie kuku, leo mboga imezidi chumvi." Mimi jikoni nikapunguza chumvi. Mtu wa stashahada, jamani, anaongea na mtetea! Na mtetea anamsikiliza kuliko anavyomsikiliza mtu yeyote, maana ana mtama mkononi.

Mimba yangu ya pili ndiyo iliyoniletea msiba. Fizi zilivimba, hasa upande wa kushoto chini, na kila nikipiga mswaki damu ilitoka. Nikiuma pera, damu. Asubuhi foronya ina madoa. Nilikuwa natemea kwenye migomba, na mkwe, ambaye jicho lake halikukosa mate ya mtu, aliona. Akamuuliza mkewe haya ni ya nani, akaambiwa ni ya mkamwana.

Kesho yake mama mkwe alinijia jikoni, uso umemlegea kwa huruma. "Mwanangu, mkwe wako amesema, upande unaotoka damu uupumzishe. Usiuguse na mswaki. Una mimba, ya kwako si kama ya watu wengine."

"Ndaga, mama," nikasema. Yaani asante.

Najua mtaniuliza. Wewe uliyesikia masomo yote ukutani, hukumsikia akiwaambia watu kwamba damu ndiyo sababu ya kupiga mswaki na si sababu ya kuacha? Nilimsikia. Mara mia! Lakini mimi nilikuwa nimeletewa neno langu mwenyewe, la mimba yangu mwenyewe, kutoka kwa bingwa mwenyewe. Nani anatupa dawa aliyoandikiwa akafuata ya jirani? Na kurudi kuuliza "kweli amesema hivyo?" kwetu si kuuliza. Ni kumpinga mkwe. Heri ungemtemea mate mlangoni.

Basi nikaupumzisha. Mtoto alizaliwa, nikaendelea kuupumzisha, kwa sababu hakuna aliyeniletea neno la kuanza tena. Upande wa kulia napiga mswaki kwa ustadi wote niliousikia ukutani, upande wa kushoto umekaa likizo. Damu ilipungua kidogo, mama mkwe akafurahi sana. Kilichokuja baada ya damu ni harufu. Mume wangu, mfanyabiashara wa mchele, mtu mpole, alianza kulala ametazama ukuta. Mimi nikaacha kuimba kanisani. Nikajifunza kucheka kwa kiganja mdomoni. Watu wakasema mkamwana wa tabibu siku hizi ana maringo.

Mume wangu aliniambia mara mbili niende Mbeya. Nikamwambia Mbeya kuna nini ambacho baba yako hakijui? Nilikuwa namtetea mkwe wangu, mimi mjinga, kwa mdomo unaooza.

Kisha mama mkwe akafariki. Aliugua wiki moja tu, akaenda. Nililia kama aliyenizaa, maana ndivyo alivyonichukua. Na ua wetu ukanyamaza. Mkwe hakuwa tena na mtu wa kumtuma, na kuku hawafai kwa kila jambo. Chakula nilikiweka kwenye stuli barazani, nikaondoka, akaja akala, akaondoka, nikaja nikatoa sahani. Usiku hakuna aliyempondea mtu ndizi. Miezi ikapita hivyo, watu wawili wanaolindana wasionane, katika nyumba ambayo hakuna mtu mzima mwingine wa kuonana naye, kwa sababu mume wangu siku nyingi alikuwa safarini na magunia.

Siku moja namenya muhogo, nikahisi jino la chini kushoto linacheza. Nikaligusa kwa ulimi, likainama. La jirani yake nalo lilikuwa linatikisika. Nikaketi chini. Nina miaka thelathini na sita, sijafika huko! Niliogopa, nisifiche. Nilimwona mama mkwe na meno yake saba, nikajiona mimi mbele ya wanangu, naponda ndizi kwa uma, na mume bado ametazama ukuta. Pale pale nikasema heri aibu ya siku moja. Pesa ya Mbeya nilikuwa nayo. Sikwenda Mbeya. Nilitaka mtu aliyenipa ile dawa aione kazi yake. Nilikuwa na hasira, ndiyo ukweli, hasira ya miaka.

Nilipanda pikipiki mpaka mjini, kanga nimejitanda hadi kwenye nyusi, nikachukua kadi, nikakaa kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika muuguzi, dada mmoja mchangamfu wa Talatala asiyenifahamu, akasoma jina langu kwa sauti. Mkwe alikuwa ananawa mikono, mgongo kwangu. Ule mgongo ninaoujua. Niliona umesimama. Maji yakaendelea kutiririka.

Nikasubiri akohoe nikimbie. Nusura nikimbie hata bila kikohozi. Muuguzi akaniambia, "Panda kitini, mama, daktari haumi."

Nikapanda. Nikafumba macho. Nikasikia bomba linafungwa, glovu zinavutwa, hatua tatu.

"Fungua," akasema.

Nikafungua mdomo. Chuma kikaingia, kikaanza kukwangua upande wa kulia, kwaruza, kwaruza, mkono mwepesi kabisa. Nilikuwa nimesikia habari za mkono ule kwa miaka yote, na watu hawakudanganya. "Upande huu umetunzwa," alisema, si kwangu, ni kwa muuguzi. "Andika." Akahamia kushoto. Mkono ukasimama.

Halafu akaanza kufoka, kama alivyowafokea watu wote, na mimi moyoni nikaona ajabu, maana nilikuwa nafokewa kwa mara ya kwanza bila kupitia kwa mtu.

"Huku ni nini? Mfupa umekwisha! Ugaga umejenga nyumba humu! Kulia unapiga mswaki kama mwalimu, kushoto umeacha kabisa. Umepima sukari? Nani alikuambia uache huku?"

Akatoa vyuma vyake mdomoni ili nijibu.

"Mkwe wangu," nikasema, macho nimefumba.

Muuguzi akacheka. "Hao ndio tunaopambana nao, daktari! Wakwe! Kila mtu mganga."

Mkwe hakucheka. "Alisema nini, huyo mkwe wako? Maneno yake."

"Alisema upande unaotoka damu niupumzishe. Kwa ajili ya mimba."

"Alikuambia yeye mwenyewe?"

"Aliniletea mama."

Nikasikia chuma kinawekwa kwenye sinia. Muuguzi akaanza kubadilisha mguu wa kusimamia. Nje mtu mmoja kwenye foleni alikuwa anamwelezea mwenzake bei ya kakao, neno kwa neno.

"Hakusema hivyo," mkwe akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Alisema asiache. Hata damu ikitoka, hasa ikitoka, asiache hata siku moja. Na aje kituoni asafishwe, atampangia siku ya tabibu mwingine anayetoka Mbeya. Ndivyo alivyosema. Na alijibiwa kwamba imekoma. Aliambiwa, mkamwana anasema ndaga fijo, amepona."

Nilikuwa sijawahi kusema hivyo. Mimi na yeye tulielewa kwa wakati mmoja, nafikiri. Mama mkwe hakuvumilia. Alibeba neno la kutoa damu kutoka barazani hadi jikoni, hatua ishirini, na njiani huruma ikamzidi. Akalitua lile, akabeba lingine. Kisha akarudi na habari njema ili mumewe alale. Hakukuwa na uovu hata punje. Na hapakuwa na wa kumuuliza, tulishamzika.

"Mimi niliambiwa umepona," akasema.

Muuguzi aliacha kuandika.

Hapo nikafumbua macho. Sikupanga, yalifumbuka. Na mnajua nilichokiona baada ya miaka yote ile? Barakoa. Barakoa ya bluu kuanzia chini ya macho mpaka kidevuni, na juu yake macho mawili ya mzee, mekundu, yananitazama. Hayakukwepa. Mimi ndiye niliyetaka kukwepa, nikashindwa, kichwa kimebanwa kwenye kiti. Hasira yangu niliyoitoa Ikolo kwa pikipiki sikuiona ilikokwenda.

"Haya mawili lazima yatoke," akasema. "Nimechelewa. Si wewe uliyechelewa."

Akanichoma ganzi mwenyewe, akasubiri iingie, akaning'oa. La kwanza lilitoka kwa vidole tu. La pili alihitaji koleo, kidogo. Machozi yalinitoka, muuguzi akaniuliza inauma, nikatikisa kichwa. Mkwe akaweka pamba, akaniambia niume. Kisha akavuta stuli, akakaa mbele yangu, magoti yake karibu yaguse kiti. Baba mkwe na mkamwana! Kama kuna mizimu ya ukoo ilikuwepo pale, nadhani ilitoka nje kuvuta hewa.

"Sasa nakuambia mimi. Pamba nusu saa. Leo usisukutue. Kesho maji ya uvuguvugu na chumvi, baada ya kula. Mswaki laini, pande zote mbili, asubuhi na usiku. Itatoka damu. Ikitoka usiache. Ukiendelea, kwa wiki chache itapungua. Rudia."

Nikarudia na pamba mdomoni, maneno yakitoka yamevunjika.

"Rudia tena. Ikitoka damu?"

"Nisiache."

"Ukisikia mtu yeyote amekuletea neno langu tofauti?"

"Nisi... nije nikuulize."

"Uje uniulize." Akamgeukia muuguzi. "Mwandikie Jumatatu. Na Jumatatu zinazofuata mpaka nitakaposema basi."

Muuguzi akaandika, kichwa chini, hajui aangalie wapi. Mkwe akaanza kuvua glovu, nami nikateremsha mguu mmoja kutoka kitini, halafu nikaurudisha. Nilikuwa na swali. Nilikuwa na maswali tangu siku niliyoingia ua wake nikiwa bibi harusi, na sikuwahi kumpa mtu hata moja nikaamini limefika kama nilivyolituma.

"Baba," nikasema. Sauti ilitoka yenye pamba na damu, lakini ilitoka kwangu ikaenda kwake. "Haya yaliyobaki, yatapona?"

Akachukua glovu nyingine, akazivaa, akainamisha taa.

"Fungua tena," akasema, "nione."